Ukioka keki nyumbani Nakuru, hesabu ya kodi haianzii kwa rent

Kila mwaka ikifika Juni, watu wakianza kukimbizana na tarehe 30 ya kujaza ritani, wale wanaofanyia biashara nyumbani huwa na swali moja tu: je, naweza kutoa rent? Na stima je? Na Wi-Fi? Na hii meza ya cherehani iko sitting room, si hii ni ofisi jamani? Hapa Nakuru swali hili limekuwa kubwa juu biashara za nyumbani zimejaa, ukipita Kiamunyi, Naka, Section 58, Lanet ama Free Area ni nadra ukose ploti yenye mtu anaoka keki, anashona, anasuka, anapakia viungo kwa vikopo ama anafanya kazi za online usiku kucha, na nje hakuna kibao chochote manake kastoma wote wanatoka kwa status ya WhatsApp.

Swali si baya, ila limekaa mahali padogo. Watu wanapigania mia mbili ya tokeni za stima huku elfu kumi na kitu inawatoka kila mwaka bila wao kujua, na sababu ni kwamba hawajawahi kukaa chini kuuliza wako kwa kodi gani, na pia hawajui masaa yao yanaenda wapi. Haya mambo mawili yameshikana kuliko watu wanavyodhani.

Tuanze na kodi yenyewe. Ukiuza kati ya milioni moja na milioni 25 kwa mwaka, biashara ya kawaida, sheria inakuweka kwa kodi ya mauzo ghafi, ile kila mtu anaita TOT. Hii kodi imezungushwa sana. Mwanzo wa 2020 ilirudi ikiwa asilimia 3, korona ikaingia ikashushwa mpaka asilimia 1, halafu Sheria ya Fedha ya 2023 ikairudisha asilimia 3 kuanzia Julai mwaka huo na ukomo wa juu ukatolewa milioni 50 ukaletwa 25. Mwaka huo makelele yote yalikuwa ya ushuru wa nyumba na VAT ya mafuta, TOT ikapita pembeni kimya. Inalipwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na ukichelewa kupeleka ritani kuna faini ya elfu moja kwa mwezi. Na inakatwa kwa mauzo yote, faida haiulizwi. Kwa hivyo lile swali la Juni likiulizwa na mtu wa TOT jibu ni fupi sana: hakuna kitu unatoa. Hutoi rent, hutoi unga, hutoi gesi, hutoi hata boda ya delivery.

Sasa chukua mama anayeoka Kiamunyi. Tuseme anauza keki za shilingi 110,000 kwa mwezi, ambayo kwa mtu mwenye oda za wikendi za birthday na ruracio (sherehe za mahari) si ajabu. Unga, sukari, siagi, mayai, maziwa na vitu vya icing vinameza 52,000. Gesi na stima 7,000, maboksi na zile bodi za kukalia keki 6,000, boda 5,000, na msichana anayemsaidia 8,000. Jumla 78,000, anabaki na 32,000. Kwa mwaka ameuza milioni 1.32 na faida yake ni 384,000.

TOT ni 3,300 kwa mwezi, 39,600 kwa mwaka. Angekuwa kwa kodi ya kawaida ya mapato hesabu ingekuwa hivi: 288,000 za kwanza asilimia 10, hiyo ni 28,800, halafu 96,000 zilizobaki asilimia 25, hiyo ni 24,000. Jumla 52,800, lakini kila mkazi ana nafuu ya kibinafsi ya 28,800 kwa mwaka, ukiitoa anabaki kulipa 24,000. Kwa hivyo akikaa kwa TOT analipa 15,600 zaidi ya vile angelipa kwa njia ya kawaida. Hiyo ni pesa ya mixer.

Na huo ni mwaka mzuri. Siagi na sukari zikipanda na anaogopa kupandisha bei, faida inashuka kuwa 24,000 kwa mwezi, yaani 288,000 kwa mwaka. Kwa kodi ya kawaida hapo halipi kitu, nafuu inameza kodi yote ikaisha. Kwa TOT bado ni 39,600 vilevile, kwa sababu mauzo hayajabadilika. Karibu shilingi 14 kwa kila mia ya faida yake, kwa mtu ambaye serikali yenyewe kwa jedwali lake lingine inasema mapato yake ni madogo hayafai kukatwa. Hata akipata hasara, TOT inalipwa.

Wenye faida nyembamba kabisa ndio wanaumia zaidi. Mtu wa Kakamega anayeuza mayai ya jumla kutoka nyumbani, ananunua trei 350 anauza 380, ana thelathini mkononi kabla ya usafiri na kabla ya yale yanayovunjika. TOT kwa 380 ni shilingi 11 na senti 40. Zaidi ya theluthi ya margin yake imeenda.

Lakini sasa geuza. Kuna fundi wa nguo anashonea nyumbani Migosi, Kisumu, kastoma anakuja na kitenge chake mwenyewe, fundi anatoa uzi, zipu, vifungo, bitana na jasho. Tuseme anaingiza 90,000 kwa mwezi na gharama zake zote ni 25,000. Faida kwa mwaka ni 780,000. Kwa kodi ya kawaida: 28,800 ya ngazi ya kwanza, 25,000 ya ngazi ya pili ambayo ni laki moja kwa asilimia 25, halafu 392,000 kwa asilimia 30 ni 117,600. Toa nafuu, unabaki na 142,600. TOT kwake ni 32,400 pekee. Huyu akisikia mtu Facebook anasema TOT ni wizi toka haraka, akatoka, amejikata laki moja na elfu kumi kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hivyo kitu cha kwanza cha kujua si orodha ya gharama unazoruhusiwa, ni asilimia ngapi ya mauzo yako inabaki kuwa faida. Kwa mtu anayeuza hizo milioni 1.32 na hana mapato mengine, mpaka uko karibu theluthi moja, kitu kama 436,000 ya faida kwa mwaka. Chini ya hapo kodi ya kawaida inakufaa, juu ya hapo kaa TOT unyamaze. Mauzo yakipanda mpaka unashuka, mtu wa milioni 2.4 mpaka wake ni kama asilimia 23. Chukua kalamu upige yako, jedwali ni hilohilo.

Na hapo kwa "hana mapato mengine" ndipo watu wengi wa Nakuru wanateleza, kwa sababu nusu ya waokaji ninaowajua wana payslip. Mwalimu anayeoka wikendi, nesi anayeuza mitumba online. Huyu mwenye mshahara wa 45,000 ameshatumia nafuu yake kazini, na ameshapita ngazi ya asilimia 10 na ya 25 kwa sababu asilimia 30 inaanza juu ya 32,333 kwa mwezi. Kila shilingi ya faida ya keki inaingia moja kwa moja kwa asilimia 30. Ile faida ya 288,000 ambayo kwa mama wa Kiamunyi ilikuwa kodi sufuri, kwa mwalimu ni 86,400. Kwake TOT ya 39,600 ni afadhali sana, labda faida yake iwe chini ya asilimia 10 ya mauzo. Keki ni ileile, jiko lilelile, na majibu ni mbingu na ardhi. Na kwa wale ambao mume ana payslip na mke ndiye anaamka kuoka, basi biashara iwe kwa pini ya KRA (mamlaka ya kodi) ya mke, iwe kweli ni yake lakini, till namba yake na oda zake, si jina tu.

Kuna wale sheria yenyewe haiwaweki TOT hata wakitaka: ada za utaalamu, za usimamizi na za mafunzo ziko nje, mapato ya nyumba za kupangisha yako nje pia na yana utaratibu wake. Na aliye chini ya milioni moja kwa mwaka hayuko TOT, yuko kwa kodi ya kawaida, na anatakiwa kujaza ritani na hesabu zake hata kama kodi inatoka sufuri. Ile tabia ya kulipa mtu wa saiba mia mbili akubonyezee ritani tupu na wewe umeuza mwaka mzima, hiyo ni kujiwekea deni la mbele, manake till yako inaonyesha kila kitu.

Kutoka TOT kwenyewe si vita. Kifungu cha 12C cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinaruhusu mtu kumwandikia Kamishna kwamba amechagua kutokuwa chini ya hiyo kodi, halafu wajibu wako unabadilishwa kwa iTax, ile tovuti ya KRA ya kujazia ritani. Mwaka wa kodi wa mtu binafsi ni Januari hadi Desemba, kwa hivyo mtu mwenye akili anapiga hesabu hizi Novemba ama Desemba. Juni umeshachelewa, ule mwaka unaojazia ritani ulishaisha.

Gharama ya kutoka ni rekodi, na hapa hakuna njia ya mkato. Tangu Januari 2024 gharama ambayo haina invoisi ya eTIMS, ile sistimu ya KRA ya invoisi za kielektroniki, haikubaliwi, isipokuwa zile chache zilizoachwa nje. Ile 52,000 ya unga na siagi ikikosa invoisi za sistimu, kwa macho ya KRA faida yako si 32,000, ni 84,000. Umetoka TOT ukaingia shimo. Ukienda supamaketi ama kwa duka la vifaa vya keki pale tauni, kabla hawajapiga risiti toa pini yako iandikwe, usichoke, hata kama foleni nyuma inakunja uso. Shida ya kweli ni mayai ya jirani na maziwa ya mama wa Bahati, hao hawana eTIMS na hawatakuwa nayo kesho. Kwa wauzaji wadogo kama hao, wenye mauzo yasiyozidi milioni tano kwa mwaka, sheria ilibadilishwa Desemba 2024 ikaruhusu mnunuzi mwenyewe kutoa invoisi kwa niaba ya muuzaji. Watu wengi hawaijui hiyo. Inataka ukae chini jioni na simu, inataka na muuzaji akubali kukupa pini yake, na hapo ndipo mama wa maziwa anaanza kukuangalia kama umetumwa.

Kwa hivyo mtu akiamua kubaki TOT kwa sababu hana nguvu ya hizo karatasi, simlaumu. Urahisi nao una bei. Ila ajue bei ni ngapi, 15,600 ama 39,600, halafu aamue. Na asifikirie TOT inamwondolea eTIMS kabisa, yeye akiuza bado anatakiwa kutoa invoisi.

Sasa turudi kwa rent, manake najua kuna mtu anasoma akingojea hapo tu.

Kwa kodi ya kawaida kipimo ni kifungu cha 15: gharama iwe imetumika yote na pekee kuzalisha mapato. Halafu kifungu cha 16 kinafunga mlango upande wa pili, matumizi ya kujitunza wewe na familia na nyumba yako hayatolewi. Duka la tauni halina shida hapo. Nyumba ina shida kubwa, kwa sababu jiko la keki ndilo jiko la ugali, mita ya stima ni moja na watoto wanaangalia katuni kwa Wi-Fi ileile ya oda. Na Kenya hatuna jedwali lolote la kusema ukifanya kazi nyumbani masaa haya toa kiasi hiki. Umeachiwa maneno mawili, yote na pekee, na mzigo wa kuthibitisha ni wako, na karatasi zako unatakiwa kuzikaa nazo miaka mitano.

Wenzetu wengine waliliona hili. Uingereza mtu aliyejiajiri akifanya kazi nyumbani masaa 25 hadi 50 kwa mwezi anatoa pauni 10, masaa 51 hadi 100 anatoa 18, kuanzia 101 anatoa 26, haulizwi bili ya stima. Australia ni senti 70 kwa kila saa tangu Julai 2024, lakini lazima uwe na rekodi ya masaa halisi ya mwaka mzima, kukisia hakukubaliki. Marekani wao wanapima nafasi: dola 5 kwa futi ya mraba mpaka futi 300, na hiyo nafasi iwe ya biashara pekee na ya kila mara, kwa hivyo jiko la familia hata kule linaanguka. Lakini mtu wa Marekani anayelea watoto wa watu nyumbani kwake ameruhusiwa kutumia chumba cha familia, na hesabu yake inafanywa kwa masaa. Ukiangalia utaona penye nyumba imechanganyika na biashara, wanaishia kwa saa, kwa sababu saa ndiyo kitu pekee unaweza kugawanya bila kujenga ukuta.

Tujaribu kwa rent ya Kiamunyi. Nyumba ya 15,000, jiko ni kama sehemu moja ya tano ya nyumba, na kwa masaa kumi ambayo jiko linatumika kwa siku, sita ni ya keki. Moja ya tano ya 15,000 ni 3,000, sita ya kumi ni 1,800 kwa mwezi, 21,600 kwa mwaka. Huyu mama yuko ngazi ya asilimia 25, kwa hivyo akikubaliwa yote anaokoa 5,400. Akiwa mwaka mbaya wa 288,000 anaokoa sufuri kwa sababu halipi kodi tayari. Na ili apate hizo 5,400 anahitaji rekodi ya masaa ambayo hana, karatasi kutoka kwa landilodi ambaye anataka tu pesa iingie kwa simu kabla ya tarehe tano, na ofisa wa KRA mwenye moyo wa kuelewa kifungu cha 16. Ndio maana nasema swali limekaa padogo. Pigania invoisi za unga, hizo ni laki sita na ishirini na nne elfu kwa mwaka, halafu rent ije baadaye kama una chumba kizima kimefungiwa biashara, kama yule fundi mwenye chumba cha cherehani kisicho na kitanda.

Kwa vitu vidogo kutenganisha ni rahisi kuliko kugawanya. Keki iwe na mtungi wake wa gesi, ule wa kilo 13, na ugali ubaki na wa sita. Kastoma walipe kwa till ya biashara tu, usiwape namba yako ya kawaida hata akiwa ni shemeji. Bando ya simu ya biashara iwe kwa laini yake. Hapo hakuna mtu anakuuliza asilimia.

Mahali masaa yanaleta pesa ya maana ni kwa msichana wa kazi. Karibu kila biashara ya jikoni ninayoijua ina dada ambaye aliletwa kulea mtoto, halafu oda zikaongezeka, sasa anapepeta unga, anaosha sufuria za siagi na anapokea boda getini huku mtoto mgongoni. Mshahara wake tuseme ni elfu kumi na sita. Mshahara wa kulea mtoto ni matumizi ya nyumbani, hayatolewi. Mshahara wa kuosha vyombo vya keki ni gharama ya biashara. Hakuna njia nyingine ya kujua upi ni upi ila masaa yake, na ile 8,000 niliyoweka juu kwa hesabu ilitoka hapo, nusu ya siku yake iko kwa keki. Daftari la kurasa tisini na sita linatosha: tarehe, ameanza kazi ya keki saa ngapi, ameacha saa ngapi. Hiyo ni 96,000 kwa mwaka ya gharama unayoweza kusimama nayo.

Lakini daftari likianza kuandikwa kwa ukweli linasema mengine pia, na hapa waajiri wa jikoni hawapendi. Amri ya jumla ya mishahara inaweka wiki ya kawaida ya mfanyakazi isizidi masaa 52, na Sheria ya Ajira ya 2007 inampa siku moja ya kupumzika kila siku saba. Huwezi kudai masaa yake ya keki kwa KRA halafu ukiulizwa overtime useme yeye ni mtu wa nyumbani anasaidia tu. Akishakuwa mfanyakazi kuna NSSF ya akiba ya uzeeni, kuna SHIF ya bima ya afya ya asilimia 2.75, kuna ushuru wa nyumba asilimia moja na nusu kwake na moja na nusu kwako. Wengi wakifika hapo wanarudisha daftari kabatini.

Na masaa yako mwenyewe? Kwa sheria hayana bei. Biashara ikiwa ya mtu mmoja huwezi kujilipa mshahara ukautoa kama gharama, unachochukua ni faida yako ukiila. Kwa hivyo mwenye biashara ya nyumbani ndiye mfanyakazi pekee ambaye hakuna mtu anamwandikia saa, wala yeye mwenyewe. Hesabu ya mama wa Kiamunyi ikifanywa kwa ukweli: Jumatatu hadi Alhamisi kama masaa sita kwa siku, Ijumaa na Jumamosi kumi na matatu kila siku, manake anaamka saa kumi alfajiri oveni iwe tayari na anamaliza maua ya icing saa tano usiku akiwa na vipumziko vya kulisha watoto, Jumapili masaa matano ya delivery na usafi. Hayo ni masaa 55 kwa wiki, zaidi ya ile 52 ya sheria, kama 236 kwa mwezi. Faida ya 32,000 gawanya, ni shilingi 135 kwa saa. TOT peke yake inachukua shilingi 14 kwa kila saa anayosimama hapo. Alinganishe na kile anachomlipa mama fua akija Alhamisi.

Hiyo 135 ndiyo namba ningetaka watu wajue kabla ya kuongea kodi yoyote. Manake ukishaanza kuandika masaa unagundua oda zinazokula siku. Tuseme keki ya kilo moja ya vanilla inauzwa 1,800, vitu vya ndani ni 900, inakuchukua saa moja na dakika arobaini. Ile ya fondant yenye mwanasesere juu inauzwa 3,000, vitu ni 1,300, lakini masaa matano yameisha, na mkono unauma. Kabla ya gesi, boksi, kuosha na kujibu meseji, ya kwanza inakupa 540 kwa saa, ya pili 340. Ile inayopendeza kwa status ndiyo inakulipa kidogo, na TOT kwa hiyo ya 3,000 ni 90, kwa ya vanilla ni 54. Yaani kodi inaona keki kubwa tu, haioni masaa. Bei ya fondant ilifaa iwe 4,000 ama iachwe kabisa.

Nikitazama upande wa serikali, sioni ubaya wa kuwa na kodi rahisi ya mtu mdogo, mtu wa Rhonda hawezi kuajiri mhasibu. Ubaya ni kuwa na kodi rahisi ambayo haina sakafu kwa mtu aliyeshaingia. Mwenye mshahara wa 24,000 halipi PAYE (kodi inayokatwa kwa mshahara) yoyote, lakini mwenye faida ya 24,000 kutoka jikoni analipa 3,300 kila mwezi kwa sababu tu unga ni ghali na mauzo yake yanaonekana makubwa kwa karatasi. Unaweza kusema aandike barua atoke, sawa, lakini umemtoa kwa urahisi ukampeleka kwa invoisi ya mayai ya jirani.

Mswada wa Fedha unafika Bungeni kila mwaka kufikia mwisho wa Aprili na unatakiwa kuwa umemalizwa Juni 30, na katikati hapo wananchi wanaitwa kupeleka maoni. 2024 kila mtu alijua kifungu cha kuweka VAT kwa mkate. Mimi ningepeleka vitu viwili, kurasa mbili zinatosha. Kwanza, mtu wa TOT asiye na mshahara mwingine aruhusiwe ile nafuu ya 28,800 kama kila mkazi mwingine, hapo mama wa Kiamunyi analipa 10,800 badala ya 39,600 na KRA haijaongeza karatasi hata moja. Pili, kwa walio kwa kodi ya kawaida kuwe na kiwango cha kazi ya nyumbani kwa masaa, kama cha Uingereza, kisichohitaji risiti ya landilodi wala bili ya stima, daftari la saa tu. Kiwango kiwe kidogo, hata shilingi 1,500 kwa mwezi kwa mtu wa masaa mia na zaidi. Si pesa nyingi, nimeshaonyesha rent yenyewe inaokoa kidogo, lakini swali la Juni litakuwa na jibu moja kwa wote na ofisa hataamua kwa kuangalia uso wako ama jiko lako.

Mpaka hapo, mwenye biashara apige hesabu ya margin yake mwezi wa Novemba, na kama ni chini ya mpaka wa mauzo yake (theluthi kwa yule wa milioni 1.32) na hana payslip, barua kwa Kamishna iandikwe kabla ya Januari, pini itajwe kwa kila risiti kuanzia siku ya kwanza ya mwaka.